Mkunga anapanda ngazi ipi? Kazi, vyeo na uongozi katika huduma za uzazi Tanzania

Kila tunaporusha kipindi kuhusu afya ya mama na mtoto, maswali mawili hayakosi kutufikia. La kwanza huulizwa na wazazi: kijana wangu anataka kuwa mkunga, aanzie wapi? La pili huulizwa na wakunga wenyewe: nimeifanya kazi hii miaka mingi, naelekea wapi? Swali la kwanza lina jibu jepesi. La pili ndilo lililotufanya tuandike maelezo haya, kwa sababu jibu lake halimhusu mkunga peke yake. Linamhusu pia mama anayefika kituoni saa nane za usiku akiwa na uchungu, na nani atakayempokea mlangoni.

Tunazungumzia zaidi Tanzania Bara. Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga na utaratibu wake wa utumishi, ingawa mambo mengi yanafanana.

Nesi, sista au mkunga?

Tuanze na jina, maana lina mambo yake. Kwa watu wa pwani mkunga ni pia samaki mrefu anayejificha miambani, lakini huyo tuwaachie wavuvi. Kwa wengi wetu neno hilo huleta picha ya mkunga wa jadi, yule bibi anayeitwa nyumbani mama anaposhikwa na uchungu. Aliyesomea, anayevaa sare na kushika zamu katika wodi ya wazazi, wagonjwa humwita nesi au sista.

Serikali nayo haikuwa mbali na mazoea hayo. Neno ukunga limo katika Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na limo katika jina la Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linalosajili wanataaluma hao. Lakini ukichukua matangazo ya ajira za serikali ya miaka mingi, mwenye cheti ni Muuguzi Daraja la II, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, na mwenye shahada ni Afisa Muuguzi Daraja la II. Mkunga hayumo katika majina hayo matatu.

Wapo wanaosema jina si kitu, mradi mshahara unaingia. Sisi tunaona ni kitu. Mtu akiajiriwa kama muuguzi, mwajiri anaweza kumzungusha: mwaka huu leba, mwaka kesho wodi ya watoto, halafu kliniki ya macho. Kwa muuguzi wa jumla mzunguko huo una faida yake. Kwa mkunga ni hasara, kwa kuwa ujuzi wa kutambua mtoto amekaa vibaya, au kwamba damu inayotoka imezidi kiasi, hukaa mikononi na machoni kwa kurudiwa mara mamia. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo kwa kawaida anaambiwa mzazi. Afisa utumishi anayepanga watu kwenye wodi naye ingemfaa.

Mlango wa kuingilia

Wengi huingia kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, ya miaka mitatu, katika vyuo vya afya vya serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi vinavyosimamiwa na NACTVET. Mwombaji huhitaji kuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Ushindani huwafanya wanaochaguliwa vyuo vikubwa wawe na alama nzuri kuliko kima hicho. Wako pia kazini watumishi wengi walioingia kwa cheti na kujiendeleza baadaye.

Njia ya chuo kikuu hupitia kidato cha sita, hasa mchepuo wa PCB. Shahada ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo tarajali hospitalini. Nyingi ni shahada za uuguzi zenye ukunga ndani yake. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kina shahada ya kwanza ya ukunga inayosimama yenyewe, na juu yake shahada ya uzamili ya ukunga na afya ya wanawake. Anayetaka kubaki katika ukunga maisha yake yote aitazame njia hiyo mapema.

Cheti cha chuo peke yake hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Mhitimu hufanya mtihani wa Baraza, husajiliwa, kisha hupewa leseni, na leseni ina muda wake. Kuihuisha kunadai ushahidi wa mafunzo endelevu. Wazazi wanaolipa ada waliweke hilo katika hesabu, kwa sababu kati ya sherehe ya mahafali na mshahara wa kwanza kuna safari, na siku hizi foleni ya ajira serikalini ni ndefu hata kwa kada ya afya.

Zamu ya peke yako

Barua ya kupangiwa kituo mara nyingi humpeleka mkunga mpya kwenye zahanati ya kijijini. Hapo uongozi humfikia kabla hajauomba. Zamu ya usiku huwa peke yake na mhudumu, na uamuzi ni wake: huyu tumsubiri, au tupige simu ya rufaa sasa?

Katika tiba kuna orodha ya huduma saba za dharura ya uzazi ambazo kituo cha ngazi ya msingi kinatakiwa kuziweza. Ni sindano za antibayotiki, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu, dawa ya kifafa cha mimba, kutoa kwa mkono kondo la nyuma lililogoma, kusafisha mabaki katika kizazi, kumvuta mtoto kwa vakyumu, na kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa akiwa kimya. Mkunga aliyefunzwa vizuri na mwenye vifaa anaweza kuzifanya zote saba. Kinachobaki kwa hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji ni kuongeza damu na kumpasua mama.

Tangu mwaka 2022 serikali imeusambaza nchini mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopatikana kwa namba 115, ambao hutumia magari ya wagonjwa na pale yasipopatikana huita madereva wa eneo husika walioandikishwa. Gari lakini haliji kama hakuna aliyeona mapema kwamba linahitajika. Kwenye chati ya uchungu, ile karatasi ambayo mkunga huchora njia inavyofunguka na mapigo ya moyo wa mtoto, mstari ukivuka mahali fulani ni lazima mtu aseme. Anayesema, na akasikilizwa, ni kiongozi hata kama ana mwezi mmoja kazini.

Kuna pia suala la kukaimu. Mganga mfawidhi akienda likizo au masomoni, muuguzi mkunga hukaimu: anaagiza dawa, anajaza taarifa za mwezi, anapokea wakaguzi kutoka halmashauri, na jioni anaingia leba. Kukaimu huko kunaweza kurefuka bila cheo wala posho. Anayekaimu adai barua. Bila barua, miaka hiyo haitaonekana popote siku ya kupandishwa daraja.

Ngazi inayotoka leba

Katika utumishi wa umma mtumishi hupanda kwa njia mbili. Moja ni kupandishwa daraja ndani ya kada yake, kwa muda wa utumishi na tathmini ya utendaji. Nyingine ni kusoma ngazi ya juu zaidi kisha kubadilishiwa kada, kwa mfano kutoka muuguzi wa cheti kwenda afisa muuguzi msaidizi. Mishahara ya kada hizi hufuata ngazi za TGHS. Njia ya pili ina mtego ambao wasikilizaji wetu kadhaa wamenaswa nao: ukisoma bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri, unaweza kurudi na shahada ambayo mwajiri haitambui katika muundo wako. Ruhusa kwanza, chuo baadaye.

Vyeo vya uongozi vyenyewe huanzia kwa mfawidhi wa wodi, ambaye wodini kila mtu humwita inchaji. Ndiye anayepanga zamu, anayetunza funguo za dawa, anayejibu ndugu wanapopiga kelele. Juu yake yuko muuguzi mfawidhi wa kituo au hospitali nzima. Nje ya kituo kuna mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, kisha wa mkoa. Kuna Muuguzi Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa. Wizarani kuna kurugenzi ya huduma za uuguzi na ukunga.

Ukiitazama ngazi hii kutoka chini, jambo moja linajitokeza: kila kidato kinamwondoa mkunga hatua moja kutoka kitanda cha kujifungulia. Inchaji bado anazalisha watoto siku watu wakipungua. Mratibu wa wilaya anazunguka na gari la usimamizi. Muuguzi Mkuu wa Mkoa anashinda kwenye vikao. Njia za pembeni nazo huvuta upande huohuo. Wapo wanaosomea usingizi na kuhamia chumba cha upasuaji, kazi ambayo nchi inaihitaji kweli, hasa katika vituo vya afya vilivyoongezewa huduma ya upasuaji wa uzazi. Wapo wanaokwenda kufundisha vyuoni. Wapo wanaochukua shahada ya afya ya jamii na kuajiriwa na mashirika, ambako mshahara ni mzuri na hakuna zamu za usiku.

Hatumlaumu hata mmoja. Lakini matokeo ni kwamba usiku, leba huachiwa aliye mdogo kuliko wote kwa uzoefu. Kwa madaktari mambo ni tofauti: bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi hupanda cheo huku bado anapasua na bado anaitwa usiku. Kwa mkunga hatujaweka nafasi ya namna hiyo, ya mtu anayepanda mshahara na heshima kwa sababu ni hodari kitandani, bila kulazimika kuhamia ofisini. Kama kuna badiliko moja ambalo tungependa kulisikia likijadiliwa bungeni wakati wa bajeti ya afya, ni hilo.

Na haraka ipo. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, kina mama wanaojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16, na wakafika asilimia 81 mwaka 2022. Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni habari njema. Ina maana pia kwamba wanawake wengi zaidi wanalala kwenye vitanda vilevile, wakihudumiwa na mikono ambayo haikuongezeka kwa kasi hiyo.

Nani yuko mezani

Kwa nini basi tunataka wakunga kwenye vikao, ikiwa tunalalamika kwamba wanaondoka leba? Kwa sababu mambo ya leba huamuliwa kwenye vikao. Mpango kabambe wa afya wa halmashauri ndio unaosema mwaka huu tutanunua vitanda vya kujifungulia vingapi, nani ataongezwa zamu ya usiku, taa ya sola itawekwa zahanati ipi. Aliyewahi kuzalisha kwa tochi ya simu huuliza maswali tofauti na ambaye hajawahi.

Mwaka 2021 ripoti ya hali ya ukunga duniani, iliyotolewa na UNFPA, Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la wakunga, ilikadiria kwamba dunia imepungukiwa wakunga 900,000, upungufu mkubwa zaidi ukiwa Afrika. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba ni nusu tu ya nchi zilizotoa taarifa ambazo zilikuwa na kiongozi mkunga katika wizara ya afya. Nambari ya kwanza ilitangazwa kila mahali. Ya pili ilipita kimyakimya, na pengine ndiyo inayoeleza ya kwanza.

Kikao kimoja kinastahili maelezo marefu kidogo. Mama akifariki kwa sababu ya uzazi, kituo hutakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24, kisha kifo hicho hujadiliwa: alifika saa ngapi, alipimwa nini, damu ilipatikana lini, nani aliitwa na alifika baada ya muda gani. Kanuni ya mapitio haya ni kutafuta kilichokosekana, si kumsaka wa kumtia hatiani. Mambo huharibika pale mkunga aliyekuwa zamu anapokaa peke yake upande mmoja wa meza, mkubwa wake akiwa kimya. Hapo chati hujazwa upya ili ipendeze, ukweli hupotea, na mwezi ujao mama mwingine anafariki kwa sababu ileile. Inchaji anayeweza kusema mbele ya wakubwa kwamba usiku ule walikuwa na mtu mmoja kwa wajawazito saba, na kwamba friji ya damu ilikuwa tupu, anaokoa watu ambao hatawajua.

Uongozi wa wodi ndio pia unaoamua mama atasemeshwaje. Malalamiko kuhusu lugha chafu leba tunayapata sana, na hatuyapuuzi. Mtafiti Lilian Mselle wa MUHAS na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwasikiliza pande zote mbili: wanawake waliopata fistula baada ya uzazi mgumu, na wauguzi wakunga. Wanawake walieleza kuachwa na kutojaliwa. Wakunga walieleza uhaba wa vifaa na watu, kukosa mafunzo mapya, na kukosa msimamizi wa kuwatia moyo. Maelezo haya mawili hayapingani. Mkunga anayetukana anakosea, na aliyemwacha bila msimamizi naye ana sehemu yake.

Uongozi usio na cheo

Mfano mzuri umetoka hapahapa nchini. Mpango wa uzazi salama uliochipuka kutokana na kazi za Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la tiba la New England la Marekani: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Kulikuwa na vifaa, kama kile cha kusikiliza moyo wa mtoto mfululizo. Lakini kiini kilikuwa mazoezi mafupi yanayorudiwa mara kwa mara wodini kwa kutumia mwanasesere, yakiongozwa na watumishi wa kituo chenyewe waliochaguliwa kuwa vinara. Hakuna semina ya hoteli. Mwenzako wa zamu anakuita saa mbili asubuhi, anakuwekea mwanasesere mezani na kukuambia huyu hapumui, fanya.

Kinara wa namna hiyo hana daraja jipya wala gari. Ana jambo moja, kwamba wenzake wanamwamini. Halmashauri zenye busara huwaandika watu hawa majina na kuwapa uzito wanapotafuta inchaji mpya, badala ya kumpa nafasi mwenye miaka mingi tu.

Majirani zetu

Uganda wamelitenganisha jina tangu chuoni: kuna wanaosomea ukunga moja kwa moja na kuajiriwa kama wakunga. Huko ndiko alikotoka Esther Madudu, mkunga wa kituo cha afya cha Tiriri, Soroti, ambaye shirika la Amref lilimtumia kama sura ya kampeni yake na kumpendekeza kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2015. Tuzo haikumfikia, lakini mkunga wa kijijini alizungumza mahali ambapo kwa kawaida huzungumza madaktari.

Mbali zaidi ni Edna Adan Ismail wa Hargeisa, muuguzi mkunga aliyesomea Uingereza, akafanya kazi Shirika la Afya Duniani, kisha akajenga hospitali ya uzazi iliyofunguliwa mwaka 2002. Kati ya mwaka 2003 na 2006 alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Somaliland, na mwaka 2023 alipata Tuzo ya Templeton. Tunamtaja kwa sababu moja: hata alipokuwa waziri, hospitali yake iliendelea kufundisha wakunga.

Chama, na kituo chako mwenyewe

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni kujiunga na chama mapema. Chama cha Wakunga Tanzania, TAMA, ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la wakunga, na ndicho kinachosimamia maadhimisho ya Mei 5, Siku ya Wakunga Duniani. Maandamano na fulana si kazi yake yote. Kamati za chama ndiko ambako mkunga wa wilayani hujifunza kuendesha kikao, kuandika hoja na kuitetea, mambo ambayo chuoni hayafundishwi vya kutosha.

Mwisho kuna mlango ambao wengi hawaujui. Sheria inamruhusu muuguzi au mkunga aliyesajiliwa kuomba kibali cha kutoa huduma binafsi, na wapo walioanzisha nyumba za uzazi na kuungana katika chama chao, PRINMAT. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60, umri ambao mkunga bado ana nguvu na jina mtaani. Anayefikiria njia hiyo aulizie masharti kwa Baraza na kwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya kabla hajakodi nyumba, kwa kuwa vyumba, maji, choo na njia ya kupita gari la wagonjwa hukaguliwa kabla kibali hakijatoka.